Pointi 91 kwa wiki mbili, kisha 12: Saints, Cowboys na kurudi kwa mbio

SALIM: Haya, msikilizaji, hujambo popote ulipo. Leo Jumanne, tarehe 24 Septemba 2024. Wiki ya tatu ya NFL, ligi ya mpira wa miguu wa Kimarekani, imefungwa jana usiku, na mimi Salim niko hapa Arlington, Texas, roho imeniinama. Niko na dada Neema, na tangu aingie anacheka tu.

NEEMA: Sicheki, kaka. Nimefurahi kwa adabu. Shabiki wa Eagles wa Philadelphia akiona Cowboys wenu wa Dallas wamefungwa mara mbili nyumbani kwao, ungetaka nilie?

SALIM: Basi tuanze na kidonda. Wiki ya kwanza tunakwenda Cleveland, tunashinda 33 kwa 17, na siku hiyohiyo Dak Prescott, kwotabeki wetu, yule mpanga mashambulizi na mrusha pasi, anatia saini mkataba wa dola milioni 240 kwa miaka minne. Nikasema mwaka huu ni wetu. Jumapili ya pili wanakuja Saints wa New Orleans, kwenye uwanja ambao tulikuwa tumeshinda mechi 16 za msimu wa kawaida mfululizo. 44 kwa 19! Juzi wakaja Ravens wa Baltimore, 28 kwa 25.

NEEMA: Na hiyo ya juzi inadanganya. Mlikuwa nyuma 28 kwa 6.

SALIM: Tukarudi mchezoni, bwana! Tumebakiza pointi tatu tu.

NEEMA: Mlirudi wenzenu wakiwa wameshaanza kuwaza ndege ya kurudi Baltimore. Sasa niambie, kwa akili yako, nani ana makosa?

SALIM: Watu wote hapa mtaani wanamtaja Dak. Milioni 60 kwa mwaka, hakuna mchezaji wa ligi hii aliyewahi kulipwa hivyo, lazima abebe lawama.

NEEMA: Hapo ndipo sikubaliani nanyi. Saints wamewakimbilia na mpira mkononi yadi 190. Ravens yadi 274. Dak anazuia mbio? Kwotabeki wao Lamar Jackson juzi alirusha pasi 15 tu mechi nzima. Kumi na tano! Mchezaji bora wa ligi wa mwaka jana, na kocha wake hakuona haja ya kumsumbua, kwa sababu mkimbiaji wao Derrick Henry alikuwa anapita katikati yenu, yadi 151 na tachidauni mbili, yaani mara mbili kaufikisha mpira eneo la mwisho.

SALIM: Usinitajie Henry. Yule jamaa msimu ukiisha hufanya mazoezi hapahapa Dallas. Machi alikuwa huru, hana timu. Baltimore wakampa dola milioni 16 kwa miaka miwili. Sisi tukamrudisha mkimbiaji wetu wa zamani, Ezekiel Elliott.

NEEMA: Mnaishi naye mji mmoja, akawapita mlangoni.

SALIM: Dada, taratibu.

NEEMA: Haya, nimeacha. Ila nataka tukae kidogo kwenye ile mechi ya Saints, maana ndiyo darasa lenyewe. Mashambulizi sita ya kwanza, tachidauni sita. Mkimbiaji wao Alvin Kamara peke yake nne: tatu kwa mbio, moja kwa pasi. Na wiki ya kwanza walikuwa wamewafunga Panthers 47 kwa 10. Pointi 91 kwa mechi mbili, na kwotabeki ni yuleyule Derek Carr ambaye mwaka jana mashabiki wa New Orleans walikuwa wanamzomea uwanjani.

SALIM: Sasa wamekula nini? Kocha mkuu ni yuleyule Dennis Allen. Kamara yuleyule.

NEEMA: Kocha wa mashambulizi ndiye mpya. Klint Kubiak, mtoto wa Gary Kubiak, yule aliyekuwa na Mike Shanahan kule Denver. Mwaka jana huyu mtoto alikuwa San Francisco akisimamia pasi. Kwa hiyo kilichokuja New Orleans ni ule mfumo wa familia ya Shanahan, na msingi wake ni mbio za nje.

SALIM: Mfafanulie msikilizaji ambaye ndiyo kwanza ameanza kuangalia.

NEEMA: Chukua wale watu watano wa mstari wa mbele. Timu nyingi zikitaka kukimbia, kila mmoja anamsukuma mtu wake kwenda nyuma. Hawa hawasukumi nyuma kwanza. Mpira ukitoka tu, wote watano wanaruka hatua ya pembeni, upande mmoja, kwa pamoja. Walinzi inabidi wawafuate, la sivyo wanazidiwa pembeni. Basi inakuwa kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni: watu wote wanasukumwa upande mmoja, halafu mmoja mjanja anachomoka kwa nyuma. Huyo ndiye Kamara. Anakimbia pembeni hatua mbili tatu huku akisoma mabega ya walinzi, akiona mmoja kajitupa mno, anakata mara moja, anapanda moja kwa moja. Kukata mara moja tu. Ukicheza cheza nyuma ya mstari, kocha anakutoa.

SALIM: Na sisi tulijitupa mno mchana kutwa.

NEEMA: Mlijitupa kwa sababu mlikuwa na njaa ya kuzuia, na hapo ndipo inakuja chenga. Mwanzo wake unafanana kabisa na mbio: watu wa mstari wanaruka pembeni, Carr anamnyoshea Kamara mpira. Lakini safari hii hampi. Mabeki wenu wa kati wameshakimbilia mbele, wameacha nyuma uwanja mtupu. Ndivyo mpokea pasi wao Rashid Shaheed alivyojikuta peke yake, yadi 70, tachidauni.

SALIM: Nilikuwa uwanjani. Ule mpira ulipokuwa hewani watu wa upande wetu walishakaa chini, maana tulimwona yule kijana hana mtu. Halafu ikaja ile ya Kamara ya yadi 57.

NEEMA: Ile ni tamu zaidi! Pasi fupi, karibu nyuma ya mstari. Mlinzi wenu Micah Parsons na wenzake wanamwendea kwotabeki kwa hasira, wanaachiwa wapite makusudi, mpira unapita juu ya vichwa vyao, na mbele ya Kamara wamesimama watu wa mstari wanene wakimfungulia njia. Hasira za walinzi wako zimegeuzwa kuwa silaha dhidi yako.

SALIM: Mike Zimmer ndiyo kwanza ameshika ulinzi mwaka huu. Dan Quinn katuacha, kaenda Washington kuwa kocha mkuu. Labda mabadiliko.

NEEMA: Labda. Lakini katikati pale hamna watu wazito wa kutosha, na hilo halina uhusiano na kocha gani anatoa maelekezo.

SALIM: Sawa. Sasa na mimi nipate zamu yangu. Hao Saints wako wa pointi 91, juzi nyumbani kwao wamefunga 12. Eagles 15, Saints 12. Darasa limekwenda wapi?

NEEMA: Swali zuri, na jibu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni senta wao, yule wa katikati ya mstari anayetoa mpira, Erik McCoy. Kaumia kwenye shambulizi la kwanza kabisa, hakurudi. Watu huangalia kwotabeki na mkimbiaji, lakini katika mbio za nje senta ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote. Anatoa mpira kwa mkono mmoja, na papo hapo lazima afike pembeni kumziba mlinzi ambaye tayari kasimama upande huo. Akichelewa nusu hatua, mlinzi kapenya, na Kamara hana pa kukata.

SALIM: Kwa hiyo mtu mmoja anaumia, mfumo wote unakufa?

NEEMA: Haukufa, ulipungua makali. Ya pili ni Vic Fangio. Mzee wetu mpya wa ulinzi pale Philadelphia. Huyu ndiye baba wa huu mtindo ambao nusu ya ligi sasa inaucheza: walinzi wawili wa mwisho wanasimama nyuma kabisa, kila mmoja na nusu yake ya uwanja. Shaheed akikimbia mbali, anamkuta mtu anamsubiri. Unamwambia adui, chukua yadi nne nne, njoo polepole, utakosea tu njiani.

SALIM: Lakini si ndiyo mtindo huohuo unaofungua mbio? Ukiwaweka wawili nyuma, mbele unabaki na watu pungufu.

NEEMA: Umeona sasa! Ndiyo hadithi ya mwezi huu mzima. Miaka yote hii walinzi wamejipanga kuzuia pasi ndefu. Wamechukua watu wepesi, wenye mbio. Makocha wa mashambulizi wameangalia, wakasema: kumbe mbele pale wamebaki sita? Basi tuwakimbilie. Ndiyo maana watu ambao waliambiwa soko lao limekufa, Henry kaenda Baltimore, Josh Jacobs kaenda Green Bay, Saquon Barkley kaja kwetu, wote mwezi huu ndio wanaobeba timu.

SALIM: Barkley juzi yadi 147.

NEEMA: Ikiwemo moja ya 65, na mpaka hapo tulikuwa hatujapata hata pointi moja! Mapumziko tulikwenda tukiwa nyuma 3 kwa 0. Kocha wetu Nick Sirianni kabla ya mapumziko kakataa fildi goli, yaani kupiga mpira kwa mguu kati ya milingoti upate pointi tatu, kataka yadi moja, kazuiwa, katoka kapa. Nilirusha rimoti.

SALIM: Na wiki ya nyuma yake Barkley alidondosha ile pasi dhidi ya Falcons.

NEEMA: Wee! Angeishika, mechi imeisha. Kaidondosha, kwotabeki wao Kirk Cousins kapewa mpira, kashuka uwanja mzima, 22 kwa 21. Kwa hiyo juzi alikuwa na deni. Na mwisho wa mechi, tuko nyuma 12 kwa 7, jaribio la tatu kati ya manne, tunahitaji yadi 16. Hapo hata mimi nilishakata tamaa. Kwotabeki wetu Jalen Hurts anampata kwa pasi Dallas Goedert katikati, yadi 61. Kisha Barkley anamalizia. Wapokea pasi wetu wakubwa, A.J. Brown hakucheza, DeVonta Smith kagongwa kichwa katoka, na bado tumeshinda. Lakini sijidanganyi, hatukucheza vizuri.

SALIM: Angalau umekiri. Tusiwasahau wa jana usiku. Jayden Daniels, kwotabeki wa Washington.

NEEMA: Yule kijana! Mechi ya tatu ya maisha yake kwenye ligi hii, Jumatatu usiku, ugenini Cincinnati: pasi 23, zimefika 21. Hakuna mgeni wa ligi aliyewahi kufikisha kiwango hicho. 38 kwa 33.

SALIM: Kilichonishangaza mimi ni kwamba timu zote mbili hazikuusalimisha mpira, yaani kuupiga mbali kwa mguu na kuwaachia wapinzani, hata mara moja. Mechi nzima!

NEEMA: Na Washington ni mechi ya pili hiyo hawapigi. Ile ya Giants ilichekesha: hawakupiga, na hawakupata tachidauni. Fildi goli saba, 21 kwa 18. Jana ndiyo wamejua kumaliza. Uliona tachidauni ya Trent Scott?

SALIM: Mtu wa mstari! Jitu zima linashika pasi.

NEEMA: Anajiandikisha kwa mwamuzi kwamba leo anaruhusiwa kupokea, mwamuzi anatangaza uwanja mzima, kila mtu kasikia, na bado hakuna aliyemfuata. Napenda mchezo huu kwa vitu vya namna hiyo. Jamaa zangu wa Dar wanasema unasimama simama sana, sasa mbona kila ukisimama kuna mtu anapangiwa ujanja?

SALIM: Bengals, hao wa Cincinnati, nao wamepoteza mechi zote tatu, na kwotabeki wao ni Joe Burrow huyo. Je, tuseme Saints ni wazuri au si wazuri? Usikwepe.

NEEMA: Ni wazuri senta akiwa mzima. Sitatazama pointi zao, nitatazama Jumapili hii kule Atlanta wanakimbia vipi bila McCoy. Matokeo ya Septemba yanachanganya: Raiders wamewafunga Ravens, Panthers wamewafunga Raiders wakiwa na kwotabeki Andy Dalton, tena 36 kwa 22, na Panthers haohao ndio waliopigwa 47 na Saints. Panga foleni hiyo uniambie nani mkubwa.

SALIM: Mimi naona Minnesota. Kwotabeki wao Sam Darnold, mtu aliyetupwa na timu ngapi, ameshinda zote tatu. Kawafunga 49ers, kawapiga Texans 34 kwa 7.

NEEMA: Pale nampa sifa zaidi kocha wa ulinzi, Brian Flores, na ulinzi wake, lakini tutawarudia wakiwa mada yao wenyewe. Wiki hii ukinipa mechi moja ya kukesha, ni Ravens na Bills Jumapili usiku. Bills jana wamewapiga Jaguars 47 kwa 10. Mlioko Nairobi na Dar, ni Jumatatu saa tisa na dakika ishirini usiku, kahawa iwe karibu.

SALIM: Na sisi Alhamisi tuko New Jersey kwa Giants. Kwa mlioko nyumbani ni Ijumaa saa tisa na robo usiku. Tunashinda.

NEEMA: Mnaweza kushinda. Lakini nifanyie kitu kimoja: Giants wakimpa mkimbiaji mpira mara ya kwanza, usimwangalie yeye. Waangalie wale walinzi wenu wawili wa katikati, wanasukumwa au wamesimama.

SALIM: Nikiona wanasukumwa je?

NEEMA: Zima runinga ulale, Ijumaa una kazi.