Jina la Kamera na Lenzi ya Jirani

Mazungumzo na wapiga picha wa Kigoma mjini, Mwanga

Mwakeye ndugu zangu. Asanteni kwa kufunga studio zenu Jumamosi asubuhi. Najua wengine mna harusi mchana huu, kwa hiyo naingia kwenye mada moja kwa moja.

Juzi kijana mmoja alikuja kwangu na fedha alizodunduliza miaka miwili. "Shikamoo mama. Nichukue Canon, Nikon au Sony?" Nikamuuliza, unapiga nini? "Harusi na paspoti." Nikamuuliza tena, majirani zako wanatumia nini? Akanyamaza. Hakutarajia swali hilo. Leo nataka kueleza kwa nini nilimuuliza, maana watu wetu wanapoteza fedha nyingi hapa.

Tuanze na jina lenyewe, linatoka wapi. Mwaka 1950, nje ya Japani, Nikon walikuwa hawajulikani sana. Wakubwa walikuwa Wajerumani, Leica na Zeiss. Mpiga picha wa jarida la Life la Marekani, David Douglas Duncan, akiwa Tokyo alijaribu lenzi za Nikkor, yaani lenzi za Nikon, akaona zinatoa picha kali, akazifunga kwenye Leica zake na kwenda nazo vitani Korea. Picha zilipofika New York, wahariri wakataka kujua zimepigwa kwa lenzi gani. Hawakuwa wamesoma tangazo lolote. Walikuwa wameona picha. Kizuri chajiuza.

Sifa ya namna hiyo naiheshimu kabisa. Shida ni kwamba jina likishaota mizizi huendelea kuuza hata pale ambapo tofauti ya ndani ni ndogo. Mwaka 2018 Leica walitoa D-Lux 7. Kamera nzuri, sina neno. Lakini msingi wake ni Panasonic Lumix LX100 II, iliyovalishwa umbo jingine na kuongezwa bei. Na ile Nikon D800 ya 2012, iliyosifiwa kwa megapikseli zake 36, yaani pikseli milioni 36, zile nukta zinazounda picha, sensa yake, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, ilitengenezwa na Sony. Kwa hiyo mnapobishana kijiweni, huyu ni Nikon na yule ni Sony, jueni kwamba huenda mnasifia kiwanda kimoja.

Kuna jambo jingine ambalo mimi huliangalia kuliko sifa: kampuni inafanya nini ikikosea. Nikon D600 ilitoka 2012, wateja wakaanza kulalamika kuhusu madoa kwenye sensa. Mwaka 2013 ikaja D610, na mwaka 2014 Nikon wakatangaza kuzikagua D600, kuzisafisha na kubadilisha shata, ile pazia inayofunguka na kufunga unapopiga picha, bure, hata zile ambazo muda wa garantii ulikwisha. Walichelewa, na wateja walikasirika kwa haki. Ila sisi wa Kigoma tujiulize: garantii ya aina hiyo inatufikiaje? Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Ukituma kamera kwa fundi huko, unahesabu harusi utakazokosa mpaka irudi.

Ndiyo maana nasema majirani. Niwape kisa. Nilikuwa Ujiji, harusi kubwa. Betri nilikuwa nimeinunua mpya dukani, jina kubwa limeandikwa ubavuni, herufi sawasawa kabisa. Bibi harusi amefika mlangoni, kaka yake kamshika mkono, kamera ikazima. Nikafungua kijumba cha betri, haitoki. Imevimba. Naichokonoa kwa ufunguo wa studio huku mikono inatetemeka, na watu wanapiga vigelegele. Betri ilikuwa feki. Aliyeniokoa ni mpiga picha mwenzangu aliyekuja kama mgeni tu, bodi yake, yaani kamera yenyewe bila lenzi, iko kwenye mkoba. Ilikuwa ya kampuni ile ile ninayotumia. Lenzi yangu ikaingia, ikafanya "kli", nikaendelea na kazi. Angekuwa na kamera ya jina jingine, hata yenye sifa mara tatu, familia ile isingekuwa na picha ya binti yao akiingia.

Kwa hiyo ukinunua kamera unanunua ule mdomo, pale lenzi inapofungwa. Mdomo wa EF wa Canon upo tangu 1987, wa F wa Nikon tangu 1959. Lenzi za midomo hiyo zimezagaa kila mahali, mpya na za mtumba. Mwaka 2018 kampuni zote mbili zilileta midomo mipya kwa kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani, zile za "mirrorless", lakini kwa adapta lenzi nyingi za zamani bado zinafanya kazi. Hata Konica Minolta walipoacha kamera mwaka 2006, Sony waliuchukua mdomo wao, na waliokuwa na lenzi hawakuzitupa. Jina lilitoweka, lenzi zikabaki.

Kuhusu megapikseli sitakaa sana. Picha ya inchi 4 kwa 6, kwa nukta 300 kila inchi, inahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800. Hiyo ni milioni 2 na kidogo. Kamera ya mtumba ya megapikseli 12 inazidi hapo mara tano. Fedha inayobaki nunua lenzi nzuri na betri ya pili ya kuaminika.

Sasa sogeeni mezani. Nimeleta bodi tatu za mtumba na lenzi nne, na tochi. Shika lenzi hii, mulika kwa nyuma, tazama kwa mbele. Mnaona zile nyuzi kama utando wa buibui pembeni? Hiyo ni fangasi. Unyevu wa ziwa unaipenda, nayo haijali jina lililoandikwa kwenye pete. Na wewe mwenye shati la bluu, chukua hiyo bodi, weka f/16, yaani tundu la lenzi liwe dogo, piga ule ukuta mweupe, halafu ikuze picha tuhesabu madoa ya sensa pamoja.