Kapasita Iliyolala Haiamshwi kwa Kofi

Assalaam alaykum wazee wangu, na nyinyi vijana mliojibanza kule mwisho wa baraza. Hii mezani ni amplifaya ya harusi, ya zile za zamani zenye taa za kioo (valvu) ndani. Imekaa stoo hapa Langoni miaka, imefunikwa mkeka. Mwenyewe alitaka tuichomeke stima palepale tuisikie. Nikamwambia, bwana wee, ngoja.

Ujanani niliichomeka ya mwenzangu vivyo hivyo. Ikaimba vizuri, nami nikaanza kujisifu. Mara puu! Vipande vya karatasi vikaruka hadi kwenye kikombe changu cha kahawa, na harufu ile ilikaa chumbani siku mbili.

Kosa lilikuwa kwenye kapasita za elektroliti, vile vikopo vya kutunza chaji ya umeme. Tazameni hii niliyoipasua: ukanda wa alumini umeviringwa kama jamvi, katikati karatasi iliyolowa majimaji. Watu hudhani karatasi ndiyo inayozuia umeme. Sivyo. Kinachozuia ni utando wa oksidi juu ya alumini. Kwenye kapasita ya volti 450 unene wake haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kapasita ikikaa miaka bila umeme, utando huo hudhoofika. Ukiitwisha volti zote kwa mpigo, umeme unavuja, majimaji yanachemka, gesi inajaa, na wewe unaokota karatasi.

Lakini utando hujijenga tena ukipewa umeme kidogokidogo. Hata kiwandani ulijengwa kwa umeme. Kwa hiyo naitoa kapasita kwenye saketi, naiunganisha na chanzo cha umeme, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, na njiani naweka rezista, kizuizi cha kubana umeme, ya kiloomu 47, ya wati 5 au zaidi. Naanza na volti 50 za DC, umeme wa mwelekeo mmoja. Mita ya volti naiweka kwenye rezista: ikisoma volti 47, miliampea moja ya umeme inavuja. Nasubiri ishuke chini ya volti 5, ndipo napanda ngazi nyingine. Kuna inayomaliza kwa saa moja, kuna inayokula siku nzima. Mwenye papara akavue samaki.

Iliyovimba au kuvuja msihangaike nayo, wala iliyokauka ndani. Pasipo majimaji utando haujengeki. Na huku kwetu angalieni miguu yake, hewa ya bahari huila.

Tena, ukizima usiiguse. Bado imebeba. Itoe chaji kwa rezista, si kwa bisibisi. Cheche ile itakutoa roho kwa woga kabla ya umeme wenyewe.

Hii nimeianza alfajiri. Sasa iko ngazi ya volti 250, na asubuhi mita ilisoma 38. Hebu wewe mwenye kofia, isome. Nne nukta mbili? Haya, tunapanda 300. Nani ana swali wakati tunangoja?