Chatiboti Ikitukana, Nani Aulizwe?

Ndugu wasikilizaji,

Tarehe 23 Machi 2016 kampuni ya Microsoft iliiweka kwenye mtandao wa Twitter chatiboti, yaani programu ya kompyuta inayoongea na watu, iliyoitwa Tay na iliyokusudiwa kuzungumza kama kijana na kujifunza kutokana na maongezi yake na watu. Baadhi ya watumiaji waligundua upesi kwamba ukiiambia irudie maneno yako, inayarudia. Wakaijaza matusi ya ubaguzi na sifa za Hitler, na mengine ya namna hiyo ikayatoa bila kuambiwa irudie. Baada ya saa zipatazo 16 kampuni ikaiondoa. Nimeanza na kisa hiki cha zamani kwa sababu swali letu lote limo ndani yake: wahuni walitunga, mashine ikatamka, jukwaa lilikuwa la kampuni nyingine, na mashine yenyewe ilikuwa mali ya Microsoft.

Wako wanaoinyooshea kidole mashine, na jibu hilo ni jepesi kwa kuwa mashine haijitetei. Lakini kuwajibika kunamhitaji mtu anayeweza kuulizwa, kulipa, kuaibika na kujirekebisha, na chatiboti haina mfuko wala haya. Hata hivyo hoja hiyo imewahi kufikishwa mbele ya waamuzi. Mwaka 2024 baraza moja la usuluhishi wa madai katika jimbo la British Columbia, Kanada, lilitoa uamuzi kuhusu abiria aliyekuwa amefiwa, ambaye chatiboti ya shirika la ndege la Air Canada ilimwambia kwamba angeweza kuomba nafuu ya nauli baada ya kusafiri, jambo ambalo halikuwa kweli. Baraza liliona kwamba utetezi wa shirika ulikuwa sawa na kudai kuwa chatiboti ni chombo kinachojitegemea na kinachobeba makosa yake, likaukataa, kwa kuwa chatiboti ni sehemu ya tovuti na mwenye tovuti huwajibika kwa yote yaliyomo. Shauri lile lilihusu nauli, si matusi, lakini sioni kwa nini mantiki igeuke pale maneno yanapoumiza utu badala ya mfuko.

Hoja ya mtumiaji mchokozi ni nzito zaidi, na siibezi. Mtu anayekesha akiihadaa programu mpaka itoe uchafu, kisha akausambaza, ana fungu lake la lawama, na sheria za kashfa na za uchochezi zinamhusu yeye kama zinavyomhusu mtu aliyeandika kwa mkono wake. Ila uchokozi unaotarajiwa haumwondolei aliyetengeneza dhamana yake. Siku mbili baada ya Tay kuwekwa mtandaoni, Peter Lee wa Microsoft aliomba radhi na kusema kampuni inabeba dhamana kamili kwa kutoiona hatari hiyo mapema. Nadhani alipatia kuliko wengi waliomfuata.

Sheria, kwa upande wake, inachechemea. Kifungu cha 230 cha sheria ya Marekani ya mwaka 1996 huyakinga majukwaa yasihesabiwe kuwa wachapishaji wa maneno yaliyotolewa na mtu mwingine. Kwa chatiboti, huyo mwingine ni nani, ikiwa sentensi imeundwa na mfumo wa kampuni yenyewe? Jaji Neil Gorsuch wa Mahakama ya Juu aligusia jambo hilo Februari 2023, akiashiria kwamba maudhui ya namna hiyo huenda yasipate kinga. Umoja wa Ulaya umetenganisha majukumu ya anayeunda mfumo wa akili mnemba na ya anayeutumia katika shughuli zake, kwa sheria iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024. Lakini pendekezo mahususi la umoja huo kuhusu fidia kwa madhara ya mifumo hiyo lilitupwa mwaka uliofuata.

Mimi naona ugumu mkubwa uko kwenye ushahidi. Kabla hujaandika neno la kwanza, chatiboti huwa imekwisha kupewa maelekezo ambayo wewe huyaoni, nayo yameandikwa na binadamu wa kampuni. Aliyetukanwa ana picha ya skrini tu. Maelekezo yako kwa anayelaumiwa. Julai 2025 chatiboti ya Grok, ya kampuni ya xAI, ilipomsifu Hitler, watu wa nje waliweza kuchunguza kwa sababu kampuni hiyo ilikuwa imeanza kuyaweka maelekezo yake hadharani kwenye GitHub, tovuti ambako watengenezaji wa programu huweka kazi zao, miezi miwili kabla. Humo mlikuwa na sentensi iliyoitaka isikwepe madai yanayoonekana kukosa staha ya kisiasa, ili mradi yana ushahidi wa kutosha. Sentensi hiyo ikafutwa, na kufutwa kwake nako kukaonekana. Kwa chatiboti nyingi tunazozungumza nazo, ikifutwa sentensi kama hiyo leo usiku, kesho hakuna mlalamikaji atakayeweza kuthibitisha kwamba iliwahi kuwapo.