Pesa ya Korosho Iende Wapi: Uzeeni au Kwenye Deni la Nyumba?

Walimu wenzangu, minada ya korosho inakaribia, na humu ukumbini wengi tuna mikorosho Newala, Tandahimba au Masasi. AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika cha wakulima, ikishalipa, ziada unaipeleka wapi: kwenye akiba ya uzeeni au kwenye mkopo wa nyumba? Nimeshalisema hili mara nyingi na leo narudia: peleka kwenye mkopo.

Shikeni kalamu. Mkopo wa milioni 40, riba asilimia 16, miaka 15. Rejesho ni kama 587,500 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba peke yake inakula 533,000. Kinachopunguza deni ni elfu 54! Umekatwa karibu laki sita, deni limepungua kwa bei ya mifuko michache ya saruji. Ukienda hivyo hadi mwisho utakuwa umelipa zaidi ya milioni 105. Ongeza laki moja tu kila mwezi: mkopo unaisha kwa miaka tisa na nusu hivi, na umeokoa kama milioni 28.

Kuna atakayesema, "Mwalimu, mimi mfuko wa uwekezaji unanipa asilimia 12." Sawa, lakini benki inakudai 16. Unakopesha kwa 12 huku umekopa kwa 16, faida iko wapi?

Mwingine anasubiri mkupuo wa kustaafu umalizie deni. Hapa ndipo ninapokosa subira. Kikokotoo, ile kanuni inayopanga sehemu ya mafao utakayolipwa kwa mkupuo, tumekiona sote: tuliokuwa tukitarajia asilimia 50 tulishushwa hadi 33 mwaka 2022, kisha bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi 40. Hesabu inayobadilishwa na watu wengine, unawezaje kuiwekea rehani paa la watoto wako?

Sasa sikilizeni hili kwa makini. Mwaka wa pili wa mkopo wangu niliingiza milioni mbili za korosho, nikarudi nyumbani nimeridhika. Miezi minne baadaye nikaomba taarifa ya mkopo. Nikaipitia mstari kwa mstari pale pale kaunta: deni lilikuwa likishuka kwa mwendo ule ule wa kila siku. Pesa yangu ilihesabiwa kuwa marejesho ya miezi ijayo, na riba ikaendelea kutembea. Hakuna aliyeniuliza, nami sikuandika. Kwa hiyo andikeni barua: pesa hii ipunguze deni la msingi, rejesho libaki lile lile, muda ufupishwe. Nakala igongwe muhuri, na mdai ratiba mpya. Ulizeni pia kama kuna ada ya kulipa kabla ya wakati.

Michango ya PSSSF, mfuko wetu wa pensheni wa watumishi wa umma, haiguswi, hiyo inakatwa kisheria, nazungumzia ziada. Na asiye na akiba ya dharura aanze na hiyo. Hatifungani tutazizungumza siku nyingine, muda umekwisha.

Waliokuja na taarifa zao za mkopo tukutane meza ya dirishani. Barua ya mfano ninayo.