Avenyu Yako Iko Karitye Gani?

Mama zangu, baba zangu, mashefu wa avenyu, na ninyi vijana mliosimama mlangoni, jambo kwenu. Leo tunazungumza juu ya kuchora ramani ya avenyu zetu.

Tarehe 27 Mei 2021 wengi wetu tunaikumbuka kwa miguu. Siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kutema moto, redio zilitaja asubuhi karitye 10 (sehemu za mji, kila moja na avenyu zake) kati ya 18 za mji wetu wa Goma zilizotakiwa kuhama mara moja. Watu wakabeba magodoro kuelekea Sake. Mimi na majirani zangu tulibaki njia panda tukibishana: avenyu yetu iko karitye gani? Mmoja alisoma jina kwenye kadi yake ya mpiga kura, mwingine akataja lile analotumia mtoza kodi. Ramani hakuna aliyekuwa nayo. Watoto wanalia, ardhi inatetemeka, nasi hatujui kama tangazo lile ni letu.

Mfumo wa taarifa za kijiografia, yaani ramani za matabaka kwenye kompyuta, una jina refu, lakini kazi yake inaonekana hapa ukutani. Hii ni picha ya setelaiti. Juu yake naweka tabaka la barabara, kisha la robine, bomba za maji. Sasa naweka mkondo wa lava ya Januari 2002, ile iliyopita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Tazameni mapaa: tumejenga tena juu ya njia ileile. Kila mtu alijua habari ya nyumba yake, lakini zote kwa pamoja hatukuwahi kuziona.

Sensa ya mwisho ya nchi yetu, Kongo, ni ya 1984. Kwa hiyo anayetaka kujua karitye ina watu wangapi mara nyingi huanza kwa kuhesabu mapaa, kisha hukisia wanaolala chini yake. Hapo ndipo kosa huingia. Bati moja pale Ndosho lina familia moja. La jirani, tangu wakimbizi wa vita wafike, lina familia nne. Setelaiti haibishi hodi. Kiongozi wa nyumba kumi anabisha.

Siku moja tulikuwa tunapita na wanafunzi, simu mkononi, tukiweka alama kwenye kila robine. (Wanaohofia gharama wajue hili: simu hupokea mahali ilipo kutoka setelaiti bila kula mega za intaneti. Mnakusanya mchana kutwa, mnatuma jioni.) Mama mmoja mwenye bidoni mgongoni akasimama. “Mwanangu, unaandika nini hapo? Hiyo haijatoa maji tangu kiangazi. Sisi tunashuka ziwani.” Kwenye ramani yetu palikuwa na doa la buluu, zuri kabisa. Jioni ile tuliongeza swali kwenye fomu: maji yalitoka lini mara ya mwisho? Tuliporudi kuuliza, madoa mengi ya buluu yakageuka kijivu.

Kipindupindu, ugonjwa wa maji machafu, tunakijua; kilivyotupiga hapa Goma 1994 hatujasahau. London ilikipata 1854, na daktari John Snow akachora vifo kwenye ramani vikaizunguka pampu ya Broad Street. Huyo husimuliwa sana. Mimi nampenda zaidi Henry Whitehead, kasisi kijana wa mtaa uleule, aliyeanza akitaka kuonyesha kwamba Snow amekosea kuyalaumu maji ya pampu. Alipita nyumba kwa nyumba kwa watu waliomfahamu, hadi akampata mtoto mchanga ambaye maji ya nepi zake yalimwagwa shimoni, karibu na pampu ile. Snow hakuwa amekosea.

Na mkisikia karitye moja ina wagonjwa 40 na nyingine 15, ulizeni kwanza: kati ya wangapi? 40 katika watu 20,000 ni 2 kwa kila 1,000. 15 katika watu 3,000 ni 5.

Kuna vitu nakataa vichorwe: nyumba anamolala mama peke yake na watoto, mahali walipojihifadhi waliokimbia. Ramani ikishaingia intaneti hairudi. Atakayekataa mlangoni, tumshukuru, tupite.

Jumamosi saa mbili asubuhi tunaanza, avenyu mbili tu. Mashefu, njooni na daftari zenu za kaya. Tutatembea kwanza mpaka wa karitye, kona kwa kona, na pale mtakapotofautiana tutaweka alama nyekundu na kuandika majina yote mawili.