Ploti Moja Moja, Mpaka Mtaa Unaisha

Asanteni kwa kufika, na shukrani kwa wazee wa mtaa walionialika. Jioni hii nitazungumzia jambo moja: ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi.

Ombi lenyewe sina ugomvi nalo. Mji unakua, na mwenye nyumba ya familia anayetaka kufungua zahanati au chekechea anastahili kupewa nafasi. Sheria ya Kenya ya Mipango na Matumizi ya Ardhi, ya 2019, inampa. Shida inaanza pale ruhusa ya mmoja inapokuwa sababu ya ruhusa ya jirani yake, na ya jirani wa jirani.

Tutazame Kilimani hapa Nairobi. Mwongozo wa kanda za jiji wa 2004 uliruhusu fleti za ghorofa nne, basi. Uwiano wa ujenzi ulikuwa asilimia 75, maana yake kwenye nusu ekari, takriban mita za mraba 2,000, sakafu zote kwa jumla zisizidi mita 1,500. Sasa simamisha hapo jengo la ghorofa 16 linalofunika asilimia 35 tu ya ploti. Piga hesabu: mita 11,200. Zaidi ya mara saba! Na mnaoishi kule mnajua kwamba ghorofa 16 siku hizi si jengo refu.

Afisa anayepima ombi moja analiona dogo, na pengine kweli ni dogo. Lakini bomba la majitaka linapokea uchafu wa mtaa mzima, na maji ya mfereji yanagawanywa kwa mtaa mzima. Nani anajumlisha? Hilo ndilo swali ninalotaka muwaulize wawakilishi wenu wa wadi.

Kinachoniuma zaidi ni tangazo. Mwombaji anatakiwa kuwajulisha wananchi ili wenye pingamizi waseme. Unakuta karatasi imefungwa kwa waya kwenye geti, mvua imeshainyea, maandishi ni madogo, na ploti imetajwa kwa nambari ya usajili. Jirani anaijua nyumba ile kuwa ya mzee fulani. Nambari ataitoa wapi? Siku 14 za kupinga zinapita, faili linaandikwa kwamba hakuna aliyepinga. Kisha sheria inasema mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ahesabiwe amekubaliwa. Kifungu hicho kiliwekwa ili maafisa wasiwasumbue watu. Nami naona kimempa afisa asiyetaka kutia sahihi njia rahisi ya kuruhusu: anyamaze tu.

Kwa hiyo mkiona karatasi getini, ipigeni picha siku hiyo hiyo, mtafute nambari ile ni ya ploti gani, mwandike pingamizi na mgongewe muhuri wa kupokelewa. Ombi likipita, rufaa inapelekwa kwa kamati ya uratibu ya mipango na matumizi ya ardhi ya kaunti ndani ya siku 14 tangu uamuzi, na baada ya hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Nakala yenye muhuri ndiyo mtakayoulizwa kwanza.