Banda la Uani Nalo ni Jengo

Mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, mama zangu na vijana, mbukwenyi.

Mimi nachora ramani za nyumba hapa Dodoma, na swali linalonirudia kila wiki ni hili: "Kibali nilishachukua nilipojenga nyumba kubwa. Vyumba vya uani navyo vinataka kibali?"

Vinataka. Kibali cha ujenzi kinahusu kile kilichochorwa kwenye ramani iliyogongwa muhuri, basi. Ukija kuongeza vyumba vya kupangisha baadaye, unarudi halmashauri na ramani mpya inayoonyesha nyumba iliyopo, banda jipya na mipaka ya kiwanja. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka ridhaa ya mamlaka ya mipango kabla ya kuendeleza ardhi, na vyumba vya wapangaji ni uendelezaji. Wazee mliojenga enzi za CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile mamlaka ilianza 1973 na ikavunjwa Mei 2017. Kazi zake ziko Jiji sasa. Makaratasi yenu ya zamani msiyatupe, nendeni nayo.

Sasa naomba tukae kidogo kwenye shimo la choo, maana hapo ndipo ninapoumia.

Mtandao wa majitaka umefika sehemu chache za mji huu. Wengi wetu tunategemea shimo. Nendeni mitaa ya Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, mwone vyumba vya wanafunzi vilivyopangana nyuma ya nyumba. Shimo lilichimbwa kwa ajili ya baba, mama na watoto watatu, leo linapokea watu kumi na tano. Kiangazi linavumilia. Mvua za Januari zikishuka, linafurika, na maji yale hayaulizi mpaka wa kiwanja uko wapi.

Kuna familia niliichorea vyumba vinne. Shimo jipya nikaliweka upande wa geti, ili gari la kunyonya majitaka lilifikie. Fundi akawashauri waokoe hela, wachimbe nyuma, kule kwenye kona. Banda likapanda, likaziba njia. Shimo lilipojaa, gari lilifika getini likageuka. Ilibidi wavunje chumba kimoja kilichokwisha pigwa plasta na kuezekwa. Mama mwenye nyumba alisimama pale akitazama tofali zikianguka, na tofali zile zilitoka kwenye kiinua mgongo cha mumewe. Sijamsahau.

Ndiyo maana ofisa anapouliza shimo liko wapi, au kwa nini banda limebanana na ukuta wa jirani, msimwone mkorofi. Bati likimwaga maji kwa jirani, ukuta wake wa tofali za kuchoma utalowa mwaka hadi mwaka. Moto ukiwaka chumba cha nyuma, zimamoto wapite wapi?

Fremu za biashara ni jambo jingine. Hati ikisema makazi, ukafungua fremu tatu zinazotazama barabarani, hapo umegusa matumizi ya ardhi, na kibali cha ujenzi peke yake hakikutoshi. Anza kwa kuomba kubadili matumizi. Na kama uko kando ya barabara kuu, pima kwanza: hifadhi yake ni mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ukijenga humo utawekewa alama ya X, na fidia usiitegemee.

Fundi mzuri ni mali, lakini fundi hatoi kibali. Neno la "jenga tu, utarasimisha mbele" limewaliza watu wengi mbele yangu. Kabla hujanunua hata tripu moja ya mchanga, tafuta bikoni zako zote nne, zile alama za pembe za kiwanja, kisha uende ofisi ya ardhi na nakala ya hati.

Meza hii ina karatasi na rula. Mwenye ramani yake asogee tuitazame pamoja. Tuanze na mama yule aliyenyoosha mkono pale nyuma.